Mama Everline Kerubo na Matembezi ya Saa Kumi na Moja

Huyu tuliyekuja kumsindikiza leo, Jumamosi tarehe 2 Juni 2007, hapa Mesquite, ni Everline Kerubo, binti wa marehemu Mzee Omwenga na marehemu Mama Bochaberi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Riamoseti, karibu na Keroka, akiwa wa tatu kati ya watoto saba. Alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha, na nyanya yake akakizika kitovu chake chini ya ukingo wa paa, upande wa kulia wa mlango wa jikoni. Tunaomba mpakumbuke mahali hapo. Yeye mwenyewe alipakumbuka hadi siku yake ya mwisho, na wasifu huu hauwezi kumalizika bila kupita hapo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1970 akaingia chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1973. Wa rika lake wanamkumbuka kwa jambo moja. Alipokuwa na miaka kumi alipewa kazi ya kumpeleka kanisani kila Jumapili jirani mmoja kipofu, Mama Bosibori. Kerubo hakumkokota tu. Alimshika mkono akawa anamtajia kila nyumba wanayoipita, ili mama wa watu aweze kuwasalimu wenyewe kwa majina, na asionekane anapita kwenye boma la mtu kimya kimya. Wengine walimcheka kwamba anaongea kuliko redio. Mama Bosibori alisema huyo mtoto ndiye macho yake, na siku Kerubo alipougua, kipofu huyo alikataa kwenda kanisani na mtu mwingine.

Tarehe 8 Desemba 1979, jijini Nairobi, alifunga ndoa na Dedan Ngugi. Wakwe wa pande zote mbili walishangaa, Mkisii na Mkikuyu wamekutana wapi, na wengine hawajamaliza kushangaa mpaka leo. Mungu aliwajalia Sheldon mwaka 1980 na Wacuka mwaka 1984. Ngugi hakuwa mtu wa kununua maua. Alichofanya, tangu wiki ya kwanza ya ndoa, ni kuvisafisha viatu vyeupe vya kazi vya mkewe kila Jumamosi asubuhi, akikaa mlangoni na brashi na ndoo ya maji, na asitake kusaidiwa. Alifanya hivyo miaka ishirini na saba, ukiondoa miwili aliyotangulia ng'ambo.

Ngugi alitangulia Marekani mwaka 1988, na Kerubo akamfuata na watoto tarehe 19 Agosti 1990. Walipanga Vickery Meadow, Dallas, chumba cha chini, ambapo jirani wa kulia alitoka Kambodia na wa kushoto Sudan. Alifanya mitihani ya uuguzi upya akiwa na umri wa miaka arobaini, akapita, akafanya kazi miaka minne katika nyumba ya wazee Fort Worth. Januari 1996 kazi ya Ngugi ya kuendesha foklifti ikahamia Houston, na familia ikahamia nayo. Huko Houston ndiko alikokutana na Mzee Wiryo. Sisi wa familia tumekubaliana kwamba jambo hili lisomwe mbele ya watu kama alivyotusimulia yeye. Anayetaka kuamini ataamini, na asiyetaka, chai iko tayari baada ya mazishi.

Machi 1997 alipangiwa kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake. Mzee Wiryo alikuwa mkulima wa mpunga, miaka sabini na minane, kutoka kijiji kidogo cha Sendangwaru katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Bintiye, Bi Sulastri, mhandisi katika kampuni ya mafuta, alikuwa amemleta Houston baada ya kufiwa na mkewe, na miezi minne baadaye kiharusi kikamwondolea nguvu za miguu. Kiingereza cha mzee kilikuwa cha kuokoteza. Lakini Kerubo aligundua mapema kwamba mzee naye husema dunia kwa dunia, na sabuni, na meza, na hata habari, akizitamka kwa namna yake. Alirudi nyumbani akamwambia Ngugi amepata mgonjwa ambaye nusu ya maneno yake yametoka Lamu. Yaliyobaki waliyamaliza kwa mikono na kwa kalamu.

Kwa kalamu hiyo mzee alimchorea kijiji chake, nyuma ya karatasi ya kuandikia presha. Kilikuwa na nyumba ishirini na tatu za vigae, mianzi, mfereji, mashamba ya mpunga yaliyoshuka kwa ngazi, na chini kabisa chemchemi yenye ngazi kumi na tatu za mawe. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, ng'ambo ya chemchemi. Mbele ya kila nyumba alichora mtungi na kata, kwa kuwa kwao kila mwenye nyumba huweka maji nje kwa ajili ya mpita njia. Alimfundisha kwamba mpunga hauonyeshwi kwa kidole cha shahada, ni kwa dole gumba. Alimfundisha kwamba wanawake wa kwao huukata kwa kijisu kilichofichwa kiganjani, ili mpunga usiogope. Kerubo, mtoto wa mkulima, aliyapenda mambo hayo kuliko televisheni.

Basi kila siku saa kumi na moja jioni, dawa zikishanywewa, mzee alifumba macho, akamkabidhi Kerubo mkono wake, na wakatembea. Yeye kitandani, Kerubo kwenye kiti kando yake, naye macho yamefumbwa. Waliingia kwa lango la nguzo mbili zilizopakwa chokaa, wakasalimu nyumba baada ya nyumba kwa majina, wakashuka hadi chemchemi, wakapanda hadi mlangoni kwa mzee, kisha wakarudi njia ile ile. Mzee alikuwa na sharti moja tu. Hakuna kufumbua macho kabla ya kutoka langoni. Kerubo hakuuliza kwa nini, maana kwa Mama Bosibori pia sharti lilikuwa kufika.

Kufikia Juni alizijua nyumba zote bila karatasi. Kufikia Agosti alikuwa akijua zaidi ya alivyofundishwa. Siku moja walipopita nyumba ya saba, ya seremala, alisema mlango huu wa buluu umependeza. Mzee akasema kwa seremala hakuna mlango wa buluu, ni mbao tupu. Jumapili iliyofuata Bi Sulastri alipiga simu kijijini, na katika habari za mavuno na za ndoa akaambiwa seremala amepaka mlango wake rangi ya buluu. Bi Sulastri alipoleta habari hiyo chumbani, mzee hakucheka. Aliviangalia viatu vya Kerubo kwa muda mrefu, kisha akamwomba siku nyingine apanguse miguu kabla ya kuondoka.

Ngugi naye alikuwa ameona. Jumamosi mbili mfululizo alikuta matope ya kijivu kwenye mishono ya viatu vile vyeupe, matope laini yanayonuka maji ya shamba, katika mwezi ambao Houston haikupata tone la mvua. Aliuliza ni hospitali gani hiyo inayolima. Kerubo akamwambia asugue aache maneno. Baadaye alikiri kwamba siku hiyo aliogopa, lakini siku iliyofuata, saa kumi na moja ilipofika, alimpa mzee mkono kama kawaida. Alisema hakuwa na moyo wa kumnyima mtu asiye na miguu safari yake ya kwenda kwao.

Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1997 walichelewa kuanza. Walipofika chemchemi, mzee alisema amechoka, wapumzike kwenye ngazi ya tatu. Saa ya ukutani ililia nusu saa. Saa kumi na mbili Wacuka, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa anaimba kwenye tamasha la shule, na mamake alikuwa ameahidi, na muuguzi wa zamu ya jioni alikuwa amekwisha kuingia akivua koti. Kerubo akafumbua macho. Akampigapiga mzee mkononi, akamwambia maneno ambayo kila mmoja wetu huyasema mara ishirini kwa siku.

"Ningojee hapa, Mzee. Kesho tutamalizia."

Mzee Wiryo, macho yake bado yamefumbwa, akajibu, "Ndiyo. Nangoja."

Alifariki saa mbili usiku huo huo, Wacuka akiwa anashuka jukwaani. Kesho yake alizikwa Houston kwa taratibu za Kiislamu, na Kerubo alisimama nyuma kabisa akiwa amejifunga leso kichwani. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Kila jioni saa kumi na moja miguu yake iliingia baridi, kuanzia nyayo hadi vifundoni, kana kwamba amesimama majini. Ngugi aliishika na kuthibitisha. Akifumba macho hakuona tena lango. Alijikuta juu ya ngazi za chemchemi, mzee ameketi ngazi ya tatu, amempa mgongo. Alimwita. Mzee hakugeuka. Aliinua kiganja tu, kama mtu anayeonyesha kwamba bado yupo, kisha akakirudisha gotini. Kerubo alijaribu kushuka amfuate na hakuweza, na hali hiyo ilimtesa miaka miwili na miezi minane. Alimweleza padre, padre akaomba naye, na baridi ikabaki. Alimwambia Ngugi kwamba amewahi kufiwa na wagonjwa wengi, lakini huyu hakumfia. Huyu, yeye Kerubo ndiye aliyemwacha njiani.

Agosti 1999 ikaja barua kutoka Sendangwaru. Iliandikwa na mwalimu wa kijiji kwa niaba ya Mbok Ginem, dada mdogo wa mzee, na Bi Sulastri ndiye aliyeitafsiri, akisimama mara kwa mara kupumua. Mbok Ginem aliuliza ni nani yule mwanamke wa viatu vyeupe aliyekuwa akitembea na kaka yake. Wakati wa kiangazi saa kumi na moja jioni ya Houston ni saa kumi na moja alfajiri ya Java, wakati watu wakitoka swala. Kwa miezi saba, barua ilisema, waliotoka msikitini walizisikia nyayo zikipita nyumba hadi nyumba, penye mwanga wa taa wakaviona viatu vyeupe vya mwanamke, na asubuhi wakakuta kata za mitungi zimelowa. Hawakuogopa, maana zilikuwa nyayo za heshima, kila mlango zilisimama. Kisha Oktoba zikakoma, na chemchemini pakaanza kusikika mzee akikohoa. Wanawake wameacha kuteka pale. Hakuna anayekubali kushuka kufungua mfereji, kwa hiyo mashamba ya chini yamelala misimu minne. Watu wanachota maji mbali, na wengine wameanza kusema kijiji kihame. Barua ilimalizika hivi:

"Kaka yangu ameambiwa angoje. Mtu hakai namna ile asipoambiwa. Hatumlaumu aliyesema, lakini aliyesema ndiye wa kumwinua. Aje kabla ya siku ya elfu, maana baada ya hapo atakuwa wa chemchemi na si wetu."

Kwao huhesabu siku elfu moja tangu kifo, na siku hiyo humaliza kumuaga marehemu. Ya Mzee Wiryo iliangukia tarehe 4 Julai 2000, siku ambayo Texas nzima ilikuwa ikichoma nyama. Kerubo na Bi Sulastri waliondoka Houston tarehe 27 Juni. Ngugi, aliyekuwa amezisikia habari zote hizi kwa uso wa mtu anayesubiri mwisho wa mzaha, alivisafisha viatu vyeupe siku isiyo Jumamosi, akavifunga kwenye taulo na kuviweka juu kabisa ya sanduku. Uwanja wa ndege hakuaga sana.

"Mama Sheldon," alimwambia, "ukifika huko usiongee mengi. Mwinue, umpeleke, urudi."

Walifika Sendangwaru kwa gari la kukodi, mchana. Watu walikuwa wamejipanga barabarani. Kerubo alishuka, akapita kati ya nguzo mbili za chokaa, akaanza kuwasalimu wenye nyumba kwa majina, moja, mbili, tatu, mpaka mlango wa buluu, akionyesha kwa dole gumba. Alitarajia washangae. Hawakushangaa. Mama mmoja wa nyumba ya nne alimnong'oneza Bi Sulastri kitu, na Bi Sulastri akasita kukitafsiri. Alikuwa amesema kwamba wanamwona amekuja kwa gari leo, siku zote huja kwa miguu.

Alfajiri ya siku ya elfu alishuka ngazi za chemchemi akiwa na viatu vyake, Mbok Ginem nyuma yake na taa ya kibatari. Milango yote ilikuwa imefungwa na mitungi yote imejazwa. Alituambia kwamba hakumwona mtu kwenye ngazi ya tatu, na hilo lilimtisha kuliko angemwona. Alisimama hajui la kufanya. Mwishowe akafanya alichofundishwa chuoni mwaka 1970. Akainama, akapitisha mkono wake chini ya kwapa la mtu asiyeonekana, akakaza mgongo, akahesabu kwa Kiswahili moja, mbili, tatu, akainua. Na mkono ukapata uzito. Mzee Wiryo alikuwa na kilo hamsini na mbili, na muuguzi hasahau uzito wa mgonjwa wake. Akaubeba hadi juu, polepole, akimtajia njia kama alivyokuwa akimtajia Mama Bosibori, hapa ni mfereji, hapa ni jiwe, inua mguu. Mlangoni kwa mzee, upande wa kulia, chini ya ukingo wa paa, palikuwa pamewashwa taa ndogo juu ya chungu kilichofunikwa. Hapo ndipo mama wa mzee alipolizika kondo lake la nyuma, miaka themanini na moja iliyopita. Kerubo alipoiona taa hiyo alisimama, akaukumbuka mlango wa jikoni wa Riamoseti, akalia. Alipopangusa machozi mkono ulikuwa mwepesi.

Siku hiyo hiyo wanawake waliteka maji, na vijana wakafungua mfereji. Kerubo alitoka langoni kwa miguu bila kugeuka nyuma, akaketi kando ya barabara, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa na joto, na haikupata baridi tena.

Aliporudi alikuwa mama yule yule, isipokuwa neno moja lilitoka nyumbani mwetu. Hakumwambia mtu tena angoje. Akipikia wageni na chakula hakijaiva, aliwaambia waende watembee warudi. Akipigiwa simu akiwa na shughuli, hakumwomba mtu ashike laini, alikata, na wengi wenu hapa mlimkasirikia kwa hilo bila kujua sababu. Wagonjwa wake hawakuachwa katikati ya sentensi. Familia ilirudi upande wa Dallas Mei 2001, ikanunua nyumba Mesquite, na akaendelea na kazi katika nyumba ya wazee hadi alipougua. Kila mwaka Julai alipata kutoka Sendangwaru bahasha yenye punje chache za mpunga wa mashamba ya chini. Alizihifadhi kwenye kopo la kahawa.

Novemba 2006 alianza kulalamika mgongo, na tarehe 11 Desemba madaktari wakakuta saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi minne. Aprili alisema basi, akahamia chumba cha kuwafariji wagonjwa wasiopona, Dallas. Alipoulizwa kama mwili upelekwe Keroka, kama desturi yetu ilivyo, alikataa. Alisema azikwe hapa hapa karibu na Ngugi, kwa kuwa yeye kwao atafika kwa miguu. Alichotaka ni mtu wa kumtembeza. Saa ikifika, ashikwe mkono, atajiwe Riamoseti nyumba kwa nyumba, kuanzia barabarani hadi kulia kwa mlango wa jikoni, na asiachwe njiani. Hilo ndilo lililomtia hofu, si kufa. Alilirudia kila siku. Kazi hiyo alipewa mpwa wake Prudensia Moraa wa Fort Worth, anayesoma wasifu huu, kwa kuwa ndiye pekee huku aliyekulia Riamoseti na kuijua njia.

Jumatano tarehe 23 Mei 2007, saa kumi na nusu jioni, alifumbua macho akasema, "Tuanze." Chumbani alikuwa Wacuka peke yake. Ngugi alikuwa kazini, Sheldon angani akitoka Atlanta, na Prudensia kwenye barabara kuu namba thelathini, katikati ya magari yasiyosogea. Wacuka ameiona Riamoseti mara moja tu, akiwa na miaka mitano. Akampigia Prudensia simu akiwa analia.

"Dada, Mum anataka kuanza sasa hivi. Mimi sijui hata nyumba moja."

Prudensia alimwambia aweke simu sikioni na mkono wa mamake mkononi, aseme kila atakachosikia. Wakaanza barabarani, kwenye kinu cha kusaga. Kwa Mwalimu Momanyi. Kwa Nyanchama wa maziwa. Kanisa. Kwa Mama Bosibori. Wacuka aliyasema majina hayo moja moja, mengine kwa lafudhi ya Texas, na kwa kila jina mamake aliitikia kwa kichwa na kusalimu. Wakateremka hadi kijitoni, chini kidogo ya nyumbani. Hapo simu ya Prudensia ikazima. Hakuwa ameichaji. Atalibeba hilo, na analisema leo mbele yenu na mbele ya shangazi yake, ambaye alimlea alipokuja huku.

Wacuka alibaki na simu kimya na mkono wa mamake, asijue kilicho ng'ambo ya kijito. Anasema neno lile lilikuwa limeshafika kwenye meno, Mum, ngoja kidogo, nimpigie tena. Akaliuma. Alisema tu, "Twende, Mum, I'm here," bila kujua waende wapi.

Mamake akakunja uso kidogo kama mtu anayeangalia penye giza. Akasema, "Hapa pana ngazi za mawe."

Riamoseti hakuna ngazi za mawe. Wacuka hakujua hilo, kwa hiyo alikubali, ndiyo Mum, ziko.

"Kuna mzee amesimama," akasema mamake, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Anasema moja, mbili, tatu."

Mabega yake yakainuka kutoka kwenye mto wa kulalia, kiasi cha kiganja kimoja, na hakuna mtu aliyemwinua. Yakakaa hewani kwa muda wa pumzi moja, kisha yakashushwa taratibu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi.

Ijumaa Bi Sulastri alipiga simu kutoka Houston, kabla hatujamtaarifu. Alikuwa amepigiwa na mwalimu wa Sendangwaru. Alfajiri ya tarehe 24 kwa saa za kwao, waliokuwa wakitoka swala walisikia nyayo za viatu vile vyeupe zikipita, na kando yake nyayo za mzee mwenye kutembea vizuri. Safari hii hazikuingia kijijini. Zilitoka langoni, zikashika barabara. Baadaye, kulipopambazuka, nyayo za mzee zilirudi peke yake. Jumamosi asubuhi Ngugi alikaa mlangoni na brashi na ndoo kwa mazoea, akafungua kabati, akavitoa viatu ambavyo havikuvaliwa tangu Desemba. Kwenye mishono kulikuwa na udongo. Haukuwa wa kijivu. Ulikuwa udongo mwekundu wa Keroka, bado mbichi. Ngugi hajausafisha. Mkewe amelala hapo akiwa amevaa viatu hivyo, jinsi vilivyo.

Marehemu ameacha mume wake Dedan Ngugi, watoto wake Sheldon na Wacuka, ndugu zake wanne walio Keroka na Nairobi, mpwa wake Prudensia na wapwa wengine kumi na mmoja, na rafiki yake Bi Sulastri, ambaye yupo nasi na ameleta mtungi wa maji na kata, uko pale karibu na viti. Mpita njia yeyote anywe.

Familia ina ombi moja. Tunajua mtakapopita kutupa udongo wengi wenu mtataka kumwambia tulivyozoea kuwaambia wafu wetu, tangulia, utungojee. Tafadhalini, leo msimwambie hivyo. Mwambieni amefika. Sisi tutaijua njia siku yetu ikifika, na tutatajiana nyumba.

Mama Kerubo, apumzike kwa amani, na asimngoje mtu.